Dirisha la Chumba cha Makasha

Mwatima alitapika asubuhi, kabla ya chai, na nusura alitapikie kasha la harusi la watu. Kwa bahati aliiwahi ndoo, burashi bado iko mkononi na vanishi inamdondokea mguuni. Alipomaliza alikaa kitako sakafuni, akaegemea kitanda, akafumba macho. Chumba chote kilikuwa kinazunguka, na kasha nalo linazunguka pamoja nacho.

Uani, Bi Mashavu alikuwa anachambua mchele. Aliisikia ile sauti ya mke wa mwanawe, akauweka ungo chini taratibu, akatega sikio. Mwatima akatapika mara ya pili.

"Alhamdulillah," alisema Bi Mashavu.

Wala tusimcheke. Mwanawe Usi alikuwa katika mwaka wa sita wa ndoa, na nyumba haijasikia kilio cha mtoto. Kila hitima, kila harusi, kila akenda Darajani kununua samaki, hakosi mtu wa kumuuliza, "Na Usi je, bado?" Naye hujibu, "Bado," huku akijitia anachagua samaki. Neno hilo lilikuwa limemchosha. Lilimchosha Mwatima zaidi, lakini yeye hakuna aliyemuuliza kwa upole.

Walikuwa wakikaa ghorofa ya chini ya nyumba moja ya mawe mtaa wa Kiponda, vyumba viwili na ua. Usi alikuwa fundi wa makasha, makasha yale ya msaji yenye misumari ya shaba ambayo bibi harusi hutilia nguo zake. Kuranda na kupigilia misumari alifanyia nje barazani. Lakini vanishi ilikuwa habari nyengine. Vanishi yake haikuwa ya dukani. Marehemu baba yake, Machano, alimwachia namna ya kuiponda sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, kuiyeyusha motoni, kisha kuichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini kwa kipimo chake. Ukilipaka kasha vanishi ile unajiona uso.

Sasa vanishi mbichi haipendi vumbi, na Kiponda vumbi halikatiki. Tena kulikuwa na fundi mmoja mtaa wa pili ambaye Usi aliamini kabisa kwamba akipita akanusa, basi ataijua siri yote. Ndiyo maana kazi ya kupaka ilifanywa chumba cha mbele, mlango umerudishwa, dirisha la barabarani limefungwa kwa komeo. Na chumba hicho ndicho alicholala Usi na mkewe. Kasha likishapakwa huachwa hapo hapo likauke, kando ya kitanda, hata siku ngapi.

Mpakaji alikuwa Mwatima, maana mkono wa Usi ulikuwa mzito kwenye burashi. Kutwa alikuwa humo ndani, kanga kaifunga puani, na usiku alilala humo humo. Usi mwenyewe aliamka kila siku kichwa kinamgonga. Akisema ni kukosa kahawa. Akitoka barazani akinywa kahawa kichwa hupoa, naye akazidi kuiamini kahawa.

Bi Mashavu aliingia chumbani bila ya hodi. Harufu ilimpiga usoni, akaipunga kwa mkono kama anafukuza nzi.

"Mwanangu, tangu lini?"

"Nini, mama?"

"Usinifiche. Kutapika huku tangu lini?"

Mwatima alifikiri. "Tangu tulipoanza hili kasha la Bwana Matar. Na kizunguzungu. Kichwa nacho kinaniuma, chakula sikitaki."

"Na siku zako?"

Mwatima aliinama. Siku zake zilikuwa zimechelewa. Zilikuwa zikichelewa mara kwa mara, na kila mara alijikataza kutumai. Safari hii mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti mbele yake, kamshika mikono yote miwili, macho yamemjaa machozi. Nani asingetumai?

"Zimepita kidogo," alisema.

"Basi nyamaza. Usimwambie mtu. Mimi simwambii mtu."

Akatoka, akapanda ngazi mbio kwenda kumwambia Bi Sichana.

Bi Sichana alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mjane wa makamo, na ulimi wake haukuwa na likizo. Alishangilia kweli kweli. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unajua, na wanaojua wote walikuwa wameambiwa wasimwambie mtu.

Likaja suala la hasadi. Bi Mashavu alisema mimba changa haitaki macho ya watu wala upepo mbaya. Alichukua matambara akayashindilia kwenye nyufa zote za lile dirisha, kwa ncha ya kisu, mpaka mwanga wenyewe ukawa unaingia kwa kuomba. Akaleta chetezo, akafukiza ubani asubuhi na udi magharibi, mlango umefungwa. Ndani ya moshi ule, kasha la Bwana Matar linakauka upande mmoja, kopo la tapentaini liko wazi upande wa pili, na katikati amelazwa Mwatima kama yai.

"Mama, hichi chumba kinanibana roho," alisema Mwatima.

"Ndiyo mimba hiyo."

"Nikinusa vanishi tu natapika."

Bi Mashavu alicheka kwa raha. "Wa kiume! Mimi nilipomchukua Usi nikimchukia baba yake, akipita tu natapika. Huyu anaichukia kazi ya babake. Atakuja kuwa karani, mtaona."

Siku moja Mwatima alipanda juu kwa Bi Sichana kuanika nguo. Alikaa roshanini saa nzima, upepo unampiga, akaomba muhogo wa nazi akaula wote, akaulizia mwengine. Alishuka amechangamka. Hakumaliza hata kukunja nguo chumbani kwake, kichwa kikarudi.

"Kule juu nilikuwa mzima," alimwambia mumewe.

Usi aligeuka kwa mama yake, na mama yake jibu alikuwa nalo. "Ngazi zile. Mwenye mimba hapandi ngazi. Asipande tena."

Usi aliukubali ukweli huo. Siku hizo alikuwa akikubali kila kitu. Alikuwa akiranda huku anaimba, na wateja wakimsalimia hujibu mara mbili. Jioni alimletea mkewe ndimu, akamwambia, "Kasha la Bwana Matar likimalizika, nitakutengenezea la mtoto. Dogo." Akaonesha kwa mikono udogo wake. Mwatima aliitazama ile mikono, na ingawa kichwa kilikuwa kinamuuma, hakukitaja tena.

*

Damu ilikuja alfajiri. Haikuja kwa kishindo wala kwa maumivu makubwa, ilikuja kama inavyokuja siku zote. Mwatima alikaa chooni mpaka miguu ikamfa ganzi, kwa sababu hakujua atatokaje na kusema nini.

Aliitwa Bi Kurwa, mkunga. Alikuwa mwanamke mfupi, hana maneno mengi, na watoto wa mtaa ule karibu wote walipita mikononi mwake. Alimpima, akamuuliza, akamminya tumbo tena. Kisha akanawa mikono.

"Hapana mtoto humu," alisema.

"Ametoka?" aliuliza Bi Mashavu.

"Hakuwamo, Bi Mashavu. Huyu hakuwa na mimba. Lakini mgonjwa ni mgonjwa, mtazameni macho yake yalivyoingia ndani. Mpelekeni kwa daktari."

Laiti Bi Mashavu angalisikia maneno yote. Alisikia nusu. Alikuwa anamwazia muuza samaki wa Darajani, na Bi Sichana, na wale wote aliowaambia wasimwambie mtu. Aibu ilimpanda kutoka kwenye nyayo, na aibu ikimpanda mtu hutafuta pa kushukia.

"Umenifanya mie kichekesho," alimwambia mkwewe.

"Mimi, mama? Mimi sikusema nina mimba."

"Ulinyamaza!"

"Uliniambia ninyamaze."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimuudhi zaidi. Tokea hapo Mwatima akitapika, Bi Mashavu huuliza kwa sauti ya kusikika mpaka juu, "Na leo hiyo ya nini? Unamtapikia nani?" Akishika kichwa, anajitia. Akilala, mvivu. Siku ya pili yake, wakati wa chakula, Bi Mashavu akatia mdomoni jina la binti mmoja wa Tumbatu, mtoto wa binamu yake, msichana mwenye afya, mama yake kazaa tisa. Alilisema kama anazungumzia bei ya nazi.

Mwatima alimtazama mumewe. Usi alikuwa na tonge mkononi. Alilitazama lile tonge, akalirudisha sahanini, asiseme kitu.

Tonge lile lilimuumiza Mwatima kuliko maneno yote ya Bi Mashavu. Kesho yake alifunga furushi la nguo.

"Nakwenda kwetu Jambiani," alisema. "Mimi naumwa, Usi. Mkiona najitia, najitia. Lakini naumwa."

"Kapumzike," alisema Usi. "Kapumzike, halafu..."

"Halafu nini?"

Usi aliinama, akaliokota furushi. Alimbebea mpaka kwenye gari ya shamba, akampa maandazi ya njiani, akasimama pale mpaka gari ikaondoka. Wote wawili walijua mke akirudi kwao kwa namna ile huitwa amekwenda kupumzika mpaka siku talaka inapomfuata.

*

Bwana Matar alikuja kulitazama kasha la binti yake. Alikuwa mtu wa heshima, kanzu nyeupe, bakora, hapandishi sauti. Hao ndio hasa wa kuogopwa.

"Salaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam, Bwana Matar. Karibu, karibu ndani."

Mfuniko ulikuwa umekwishapakwa na Mwatima. Ubavu wa mbele aliupaka Usi mwenyewe, tangu mkewe alipoondoka. Bwana Matar alipitisha kidole kwenye mfuniko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapitisha ubavuni. Akasimama, akauchungulia, akachomoa kwa kucha unywele wa burashi uliogandia kwenye vanishi, akauinua kwenye mwanga.

"Huu pia umo kwenye bei?" aliuliza.

"Nitaupaka upya, Bwana Matar. Wallahi nitaukwangua niupake upya."

"Harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi sina neno, fundi. Wanawake ndio watakaolifungua mbele za watu." Akajipanguza kidole kwa leso, akatoka. Pale barazani alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akaenda zake.

Usi alikaa juu ya gogo. Bi Mashavu akatoka chumbani kwake, kajifunga kanga kiunoni.

"Lete hiyo burashi," alisema.

"Wewe, mama?"

"Kwani nani alimpakia baba yako? Wewe ulikuwa unanyonya mimi napaka. Lete burashi, utoke, ufunge mlango vumbi lisiingie."

Aliingia, akaifunga kanga puani, akaanza. Mkono wake ulikuwa haujasahau. Alipaka ubavu mmoja wa pembeni, uliokuwa bado, kwa furaha, na kwa kiburi kidogo, akiwaza kwamba kumbe nyumba hii haimhitaji mtu wa Jambiani. Adhuhuri kichwa kikaanza kumgonga. Alikaza. Akapaka ubavu wa pili. Midomo ikawa mizito, macho yanawasha, kasha likawa mara karibu mara mbali. Alasiri alitaka kuinuka, sakafu ikamkimbia. Aliiwahi ndoo, ile ile ya Mwatima, akatapika mpaka akasikia uchungu wa nyongo.

Juu, Bi Sichana alisikia. Alisikia mara ya kwanza akanyamaza. Aliposikia mara ya pili uzalendo ukamshinda, akashuka, akausukuma mlango. Bi Mashavu alikuwa kakaa kitako sakafuni, kaegemea kitanda, macho kafumba.

"Bi Mashavu!"

"Kizunguzungu," alisema Bi Mashavu. "Na kichwa. Harufu hii nikiinusa tu natapika."

Bi Sichana alimtazama yule mjane wa miaka sitini na ushei, meno manne yamekwenda zake. Akatazama ndoo. Akaweka mkono kiunoni.

"Hongera," alisema. "Wa kiume huyo."

Kwanza Bi Mashavu hakuelewa. Kisha akaelewa, akataka kukasirika, nguvu hana. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu mgonjwa, bega linamtikisika. Bi Sichana naye akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu katikati ya kicheko Bi Mashavu akanyamaza ghafla. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye yale matambara aliyoyashindilia kwa mkono wake, ufa kwa ufa.

"Sichana," alisema. "Mtoto wa watu nimemfungia humu."

Akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na Bi Sichana alipomaliza kumshangaa akamwinua, akamtoa uani, akamweka penye upepo na kumpa maji.

*

Usi alirudi akamkuta mama yake amekaa uani, uso umempauka. Bi Kurwa alikuwapo, kaitwa tena. Alikuwa ameingia chumbani, kanusa, katoka haraka.

"Mnalala humu?" alimuuliza Usi.

"Tunalala."

"Na kasha bichi ndani? Na kopo wazi? Na dirisha limezibwa?"

"Vumbi, Bi Kurwa. Mke wangu akijifunga kanga puani."

"Kanga inazuia vumbi. Huu ni mvuke, baba, unapita kwenye kanga kama hamna kitu. Dawa yake ni upepo tu, mtu akae upepo utokako, mvuke uende zake."

"Mbona mimi sikuugua?"

"Kila asubuhi unaamka na nini?" aliuliza mama yake.

Usi alifungua mdomo kusema kahawa, akaufunga.

"Baba yako akipaka bandani," aliendelea Bi Mashavu. "Banda la makuti, halina hata ukuta. Mimi nilipaka miaka na miaka na sikuugua hata mafua. Kuja mjini ndiko tulikojifungia. Na mimi, mpumbavu wa mwisho, nikaja na matambara! Nenda kafungue lile dirisha."

"Mama, watu watainusa. Yule fundi wa mtaa wa pili..."

"Siri gani, Usi?" Bi Sichana aliita kutoka juu, kwani hakuwa mbali. "Nguo zangu zote zinanuka sandarusi, hata mito yangu. Mtaa mzima tunajua unapika sandarusi. Kipimo ndicho hatukijui, na kipimo hakinuswi."

"Na wakiijua, waijue," alisema Bi Mashavu. "Umeificha vanishi mpaka umempoteza mke. Utalala na kopo?"

Usi alisimama pale uani, mtu mzima, fundi wa kutajwa. Alilikumbuka tonge. Aliingia chumbani, akachomoa tambara la kwanza, la pili, akayavuta yote kwa vidole mpaka kucha zikamuuma, akasukuma komeo. Dirisha liligoma kidogo, kisha likafunguka. Upepo ukaingia na vumbi lake, na kelele za barabarani, na harufu ya samaki wa kukaanga wa jirani.

"Nakwenda Jambiani," alisema.

"Kaa ufanye kazi, harusi ya watu inakuja," alisema mama yake. "Jambiani nakwenda mimi. Mimi ndiye niliyesema."

*

Bi Mashavu alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, buibui limejaa vumbi jeupe la njia. Mwatima alikuwa nyuma ya nyumba na mama yake, Bi Mwanakheir, wanapiga makumbi ya nazi yaliyotolewa baharini, ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Alikuwa ameinua gongo juu ya kichwa, analishusha kwa nguvu. Mashavu yamejaa, macho yana mwangaza. Bi Mashavu alisimama akamtazama, na ukweli wote aliokuwa akiuwaza njiani akauona kwa macho yake. Siku chache tu za upepo!

"Hodi."

Bi Mwanakheir aliinua kichwa. Alimtambua. Hakuacha kupiga. "Karibu," alisema, na mkeka hakuutandika.

Bi Mashavu akakaa chini mchangani, na buibui lake la mjini.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilisema mtoto huyu anajitia. Nilimtajia mke mwenza kwenye sahani ya chakula. Na maradhi aliyokuwa nayo nilimpa mimi, kwa kumfungia ndani na ile vanishi. Nimeipaka mwenyewe siku moja tu nikatapika mpaka Sichana akanipa hongera ya mimba."

Gongo la Bi Mwanakheir likasimama hewani. "Alikupa nini?"

"Hongera. Ya mtoto wa kiume."

Bi Mwanakheir alijikaza. Alikuwa ameapa hatacheka na mtu wa nyumba ile mpaka kiama, na alijikaza kwa bidii, lakini kicheko kikamtoka puani. Akageuza uso. Kisha akarudi na uso wa mama.

"Na huyo wa Tumbatu, ambaye mamake kazaa tisa?"

"Hayupo. Sitamtaja tena."

"Na mwanangu asipozaa?"

Bi Mashavu alichota mchanga kwa kiganja, akaumwaga.

"Namtaka mjukuu," alisema mwisho. "Siwezi kukudanganya, namtaka. Mungu akijaalia tutashukuru. Asipojaalia, mwanangu ni huyu. Niliogopa watu wasinicheke, na sasa wamekwisha kunicheka, na mbona ni mzima."

Mwatima alikuwa bado kasimama na gongo lake. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mgongo wa mkono wenye usumba.

"Mimi sitalala tena na kasha, mama," alisema.

"Hulali."

"Na nikisema naumwa, naumwa."

"Unaumwa."

"Na Usi? Yeye hana mdomo?"

"Hana," alisema Bi Mashavu. "Lakini ana mikono. Dirisha kalifungua yeye."

Bi Mwanakheir aliingia ndani, akarudi na mkeka. Aliutandika kwa hasira, kama watu wanavyotandika mkeka wanapokwisha kusamehe.

*

Kasha la Bwana Matar lilikwanguliwa ubavu ule wa mbele, likapakwa upya, na safari hii lilipakwa uani. Usi alilitoa na wapagazi wawili. Aliumwagia ua maji tangu alfajiri ili vumbi lilale, akatundika mashuka mabichi upande wa barabarani yanase linaloruka, na juu akaacha wazi. Sandarusi hakuyeyusha tena nyumbani. Aliichukua na jiko lake mpaka Funguni, ufukweni pasipo nyumba, akakaa upande utokako upepo. Yule fundi wa mtaa wa pili alipita, akanusa, akasema, "Sandarusi hiyo, Usi," akaenda zake. Usi alibaki na mwiko mkononi, akicheka peke yake. Miaka yote ile!

Mwatima alipaka kidogo kidogo. Akisikia kichwa kizito huweka burashi, hufunika kopo, hutoka kukaa barazani, na hapana aliyemuuliza kitu. Chumbani mwao palibaki kitanda, na dirisha wazi, na Usi akaacha kuisifu kahawa. Tatizo jipya lilikuwa Bi Sichana, ambaye sasa aliweza kuona kila kitu kutoka roshanini.

"Pembe ile bado, Mwatima! Siyo hiyo. Ya kushoto!"

"Nimeiona, Bi Sichana."

"Usi, mbona umesimama tu? Mshikie kopo!"

Usi alikwenda kumshikia kopo. Walikuwa hawajazungumza sana tangu arudi. Alisimama karibu yake, akaangalia burashi inavyokwenda na kurudi bila ya kuacha alama.

"Siku ile," alisema kwa sauti ndogo, "niliogopa. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Nilikuona."

"Sitanyamaza tena."

Mwatima alichovya burashi, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo. "Haya. Sogea kidogo, unanikinga upepo."

Alisogea.

Alhamisi Bwana Matar alikuja na wapagazi wake. Alipitisha kidole kwenye mfuniko, akapitisha kwenye mbavu zote nne, akainama akajitazama uso, akatengeneza kofia. Hakupata unywele wala chembe ya vumbi.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza.

"Ya mke wangu," alisema Usi, kwa sauti iliyofika mpaka roshanini.

"Mwambie kwamba binti yangu atamwombea dua." Akawaashiria wapagazi, kasha likanyanyuliwa, likatoka mlangoni linang'aa, na watoto wakalifuata wakijitazama ndani yake.

Ua ukabaki mtupu na unyevunyevu wake. Mwatima alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, akaketi kwenye kizingiti.

"Mwatima!" Bi Sichana aliita juu. "Leo vipi huko? Kichwa? Kichefuchefu?"

"Hapana, Bi Sichana. Nna njaa tu. Nna njaa, naweza kula sufuria zima!"

Jikoni, Bi Mashavu aliinua uso. Njaa? Sufuria zima? Uso ulimchangamka wote, mdomo ukafunguka wenyewe, "Alhamdu—" na hapo hapo akaukamata kwa kiganja. Juu Bi Sichana alikuwa ameinamia roshani, anasubiri kusikia.

Bi Mashavu alishusha mkono, akachukua upawa, akaanza kupakua wali.

"Njoo ule, mwanangu," aliita. "Njaa ni njaa."